Kitabu cha kwanza cha kuwajua ndege wa uani: msinunue kwa uzito kama nilivyofanya mimi

Wakuu, nawasalimu wote, mnaosoma kwa simu zenu na mnaosoma kwa kompyuta za ofisi.

Juzi kuna mdau aliuliza swali humu, swali zuri tu. Kajenga, ana kiua chake, asubuhi ndege wanashuka kula chenga za mchele, na yeye anataka kitabu cha kuanzia ili awajue ni akina nani.

Majibu mliyompa yamenikera, semeni mtakavyo. "Chukua kikubwa kuliko vyote mkuu, ununue mara moja." "Chukua chenye ndege wote wa Afrika." Mwingine kamwambia aache ushamba, ndege ni kitoweo. Huyo wa kitoweo angalau alinichekesha.

Mimi huo ujinga wa kununua kikubwa nimeshaufanya. Na siku hizo sikuwa natafuta kitabu cha kupamba meza. Nilikuwa nataka mke wangu abaki amekaa, mimba isitoke.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Tulieni niwaeleze.

Nitaandika kilichotokea tu. Mke wangu naye ni mwanachama humu, ID yake siitaji, na muda huu yupo hapa pembeni anachambua mchicha huku jicho moja liko kwenye simu yangu. Nikitia chumvi mtamwona mwenyewe kwenye comments.

Anyway, tuanze.

Kwetu ni Mtua, Nachingwea. Miaka ya tisini nilianza kama utingo, nikapanda mpaka nikakabidhiwa usukani wa lori la bosi mmoja wa mazao. Korosho, ufuta, mahindi, chochote kinachoingia kwenye gunia tulibeba. Kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha Mbekenyera, upande wa Ruangwa, na Mbekenyera ndiko nilikompata Somoe.

Kwa wale msioijua kusini: kule kwetu, hasa zamani, mwanaume akioa anahamia kwa mke. Nyumba nilijenga kwenye eneo la ukweni, na watoto wanahesabiwa wa ukoo wa mama. Mwenye kauli juu ya mke wangu na watakaozaliwa alikuwa mjomba wake, kaka wa mama mkwe. Mzee mfupi, mkali, sauti yake ukiisikia umekaa unajikuta umesimama. Mama mkwe ndiye dada yake pekee, na Somoe ndiye binti pekee wa mama mkwe.

Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka pia, na hiyo ilikuwa imeshakua, tumeshaanza kubishana jina. Sitaieleza. Mliopitia mnajua, ambao hamjapitia Mungu awaepushe.

Ya tatu ilikuja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, msimu wa korosho unaishia. Safari hii hatukusubiri, tukaenda hospitali ya misheni mapema. Daktari akampima, akamfanyia matibabu ya kuzuia mlango wa kizazi usifunguke kabla ya wakati, kisha akatukalisha wote wawili. Akasema bed rest. Hakuna jembe, hakuna mtwangio, hakuna ndoo kichwani. Kulala, kukaa, kwenda chooni, basi.

(Mimi si daktari. Siku hizi nasikia ushauri umebadilika, nendeni kliniki mkaulize. Nasimulia tulichoambiwa sisi.)

Wakuu, kumwambia mwanamke wa Kimwera akae wakati wa kulima ni mtihani. Mvua za kwanza zimepiga, kijiji kizima kiko shamba, yeye yuko kwenye kitanda cha kamba upenuni. Siku za mwanzo alilala vizuri. Halafu mama mkwe akamkuta anafagia uwanja. Akanyang'anywa ufagio. Kesho yake kashika jembe nyuma ya nyumba, anadai anainua "kidogo tu" matuta ya viazi.

Nilipomgombeza akanijibu, "Nimekaa kama gunia. Hata gunia lina kitu ndani."

Nikamwambia, "Na wewe unacho ndani, ndiyo maana umekaa."

Nikadhani nimeongea la maana sana. Alininunia mpaka jioni.

Sasa ndege waliingiaje?

Mama mkwe alikuwa anatwanga na kupepeta pale pale uani, mbele ya kitanda cha mwanawe, ili amlinde asitoroke. Chenga zikimwagika, ndege wanashuka. Somoe akawa anawatazama kwa kukosa la kufanya. Akaomba ungo mkuukuu, ukawekwa juu ya uchanja wa vyombo, ukatiwa chenga kidogo. Akaomba kigae cha chungu kilichovunjika, kikatiwa maji. Haikuchukua muda, pale uani pakawa na mkutano wa hadhara kila asubuhi.

Siku moja narudi safari, hata sijanawa uso, ananiuliza, "Yule wa njano anaitwaje?"

Nikamwambia mnana.

"Na yule wa kahawia anayetembea naye?"

Nikamwambia shomoro.

"Shomoro anatembea na mnana?"

Mimi mtu wa barabarani, ndege nawajua waliokwisha kuchomwa. Mama mkwe, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza sokoni, akajibu kwa Kimwera kwamba wote hao ni wala mtama, na mwizi haulizwi jina.

Ndipo Somoe akasema, "Unaenda Dar wiki ijayo. Niletee kitabu cha ndege. Nataka nijue nashinda na akina nani."

Huyu kaishia la saba lakini kusoma anapenda kuliko mimi. Nikaona hilo ndilo dili. Mtu mwenye kitabu mkononi anakaa. Nilikuwa tayari kumletea hata duka zima.

Nikafika Dar, nikafuata spea za bosi, nikaingia duka la vitabu na ovaroli langu la grisi. Muuzaji akanishushia vitabu vya ndege kutoka rafu ya juu, vya kila saizi.

Wakuu, mimi nimekulia kwenye mizani. Kwenye mazao gunia zito ndilo lenye mali, jepesi lina makapi. Nikavipima mkononi kimoja kimoja, muuzaji ananishangaa, nikaondoka na kizito kuliko vyote.

Sikitukani kile kitabu, kilikuwa cha maana kwa mwenye kukiweza. Ndege wa nchi zote za huku walikuwemo. Kiingereza chake cha kitaalamu, na chini yake majina ya Kilatini. Ndege wa kahawia peke yao walijaza kurasa hadi kurasa na wote wanafanana, utadhani mchoraji aliishiwa rangi.

Siku ya kwanza Somoe alifurahi. Siku ya pili kikamdondokea usoni, maana alikuwa anakisoma amelala chali. Nikimwuliza amempata yule wa kahawia, ananijibu, "Nimewapata wengi sana. Nusu yao wanaishi Ethiopia. Sasa mtu wa Ethiopia anatafuta nini kwenye ungo wangu?"

Nilipotoka safari nyingine na kurudi, kitabu nilikikuta kimekandamizia mfuniko wa chungu cha togwa. Mama mkwe alikisifia sana. Alisema mfuniko haujawahi kutulia vile.

Nikasema sawa, nimekosea kuchukua kizito, sasa natafuta chepesi.

Nachingwea sokoni kulikuwa na jamaa anauza mitumba, na chini ya mashati huwa kuna vitabu vya Wazungu. Nikachimbua, nikakutana na kitabu chembamba, karatasi zinang'aa, picha za kamera, rangi tupu. Ukurasa wa kwanza tu ndege wamekaa kwenye kibao uani kwa mtu wanakula punje. Yaani ni kama alipigwa picha Somoe. Nikasema yes, hiki hapa. Sikufungua zaidi ya hapo.

Mnajua kosa langu, eeh?

Kitabu chote ni ndege wa Ulaya. Kila ndege amesimama kwenye theluji.

Mama mkwe akakitazama muda mrefu, akauliza, "Hii chini pamba?"

"Barafu, mama."

"Na hawafi?"

Nilicheka kweli siku ile. Lakini Somoe, na hapa ndipo paliponiuma, aliamua kuwasubiri. Alikuwepo mmoja mwenye kifua chekundu, mzuri sana, Somoe akawa kila asubuhi anamtafuta kwenye ungo. Nikamwambia huyo hawezi kuja, kwao mbali. Akasema labda na wa huku wapo. Siku zikapita. Mwisho akakifunga, akaniambia taratibu, "Nimechoka kungojea ndege wa watu."

Nami nikaondoka kwenda Matambarale kupakia mahindi ya bosi. Barabara ilikuwa matope, tukalala huko.

Huku nyuma, mama mkwe kaenda msibani nyumba ya tatu, Somoe akashika ndoo akaenda kisimani.

Alirudi na damu.

Sikuwepo, nasimulia nilivyosimuliwa. Mjomba alikuwa shambani kwake, shamba lake la mtama linapakana na uwanja wetu. Akasikia mama mkwe anapiga kelele. Akaja mbio, akaita vijana, wakambeba Somoe na kitanda chake mpaka barabarani, na mzee akasimama katikati ya barabara na jembe lake mkononi mpaka pick-up ya watu ikasimama. Dereva wake hakutaka kubeba mgonjwa. Mjomba hakumwomba mara ya pili, alipanda tu na kitanda kikapanda.

Mimba ilishika. Sijui nisemeje zaidi ya hapo. Ilishika.

Nilipofika hospitali nimejaa matope mpaka kiunoni nilitaka kufoka, maana mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamkuta sista mmoja nesi, mtu wa makamo, amekaa kitandani kwa Somoe, anamwuliza kwa upole, "Mwanangu, kisimani ulikuwa unatafuta nini? Maji yalikuwepo nyumbani."

Somoe akasema, "Nilikuwa natafuta kitu cha kufanya, Sista."

Hasira zikaniishia pale pale. Nikaenda nje nikasimama karibu na tangi la maji, nikalia. Nasema wazi, nililia. Nilijua tukirudi nyumbani atanyanyuka tena, na akinyanyuka tena hatutakuwa na bahati hii.

Aliporuhusiwa, safari hii sikujifanya najua. Nikamwuliza, "Hicho kitabu unakitaka kiweje?"

Wakuu, mwenye akili ni huyu mchambua mchicha. Alisema usiniletee ndege wa dunia, niletee wa Mbekenyera. Wachache, wale wa kila siku. Picha ziwe za kuchora, maana za kamera ndege mmoja yuko gizani mwingine kageuka. Dume na jike wawe pamoja. Na niweze kukishika kwa mkono mmoja nimelala.

Halafu akaongeza kitu ambacho nimekitumia maisha yangu yote kununua vitu: "Ukiwa dukani, mtafute shomoro. Shomoro unamjua. Ukimpata upesi, kitabu ni kizuri. Ukihangaika kumpata unayemjua, mimi nitampataje nisiyemjua?"

Nikarudi duka lile lile Dar. Muuzaji akanikumbuka, akanyoosha mkono kwenye vile vizito. Nikamwambia hapana bwana, leo natafuta shomoro. Akacheka, lakini akanipa kiti.

Nikafungua cha kwanza, nikapotea. Cha pili, nikampata shomoro ila jike hayupo. Kingine kilipanga ndege kwa koo zao, na mimi koo za ndege nitazijulia wapi? Mwisho akanitolea kijitabu kidogo kilichokuwa kimebanwa katikati ya vinene. Ndege wa kawaida wa mijini na mashambani. Kimepangwa kwa ukubwa: wadogo kama shomoro mwanzo, kisha wa saizi ya njiwa, kisha wakubwa. Dume hapa, jike pembeni yake. Jina la Kiswahili chini. Shomoro nilimpata kabla muuzaji hajamaliza kufuta vumbi.

Kilikuwa chepesi mpaka nikaona kama naibiwa. Kichwa cha mizani hakifi haraka.

Nikamletea Somoe. Akakaa, akakifungua, akatazama ungo, akatazama kitabu, ungo, kitabu. Baada ya muda nikasikia kicheko upenuni, cheko ambalo nilikuwa sijalisikia tangu ile mimba ya pili.

"Dereva! Njoo! Shomoro wako huyu ni mke wa mnana!"

Kumbe jike la mnana ni la rangi ya vumbi, halifanani na mumewe hata kidogo. Wiki zote hizo nilikuwa namtukana mke wa mtu.

Kuanzia siku ile hakunyanyuka tena. Alimjua hua, akamjua pugi, yule njiwa mdogo wa porini, akamjua chozi anayenyonya maua ya mpapai. Kandege kamoja kadogo kenye tumbo la bluu picha yake tuliipata lakini jina lake la Kiswahili tulibishana nalo, kila mtu anakaita kwa lugha ya kwao. Siku moja ananiambia kuna mmoja wa kahawia, kitabu kinasema mvua zikichanganya dume lake litavaa nyekundu na nyeusi. Nikasema muongo huyo. Mvua zikachanganya, na ndege akaanza kuota manyoya mekundu kidogo kidogo, madoa madoa kama aliyepaka rangi nusu akaishiwa. Somoe alikuwa anaamka mapema kwenda kuona amefika wapi. Kuamka mapema kwenda kukaa, wakuu! Nilimshukuru Mungu.

Hapo ndipo Mjomba alipokuja.

Mtama ulikuwa umeshatoa masuke. Kusini mtu mwenye mtama na ndege hawapikiki chungu kimoja. Watu wanajenga dungu shambani, wanakaa huko alfajiri mpaka jioni kuamia ndege wasile, makombeo na madebe mkononi. Sasa mpakani na shamba hilo kuna mpwa wake anawawekea chakula.

Alisimama uani, akakataa kiti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama.

"Dereva, mke wako anafuga wezi."

Nikafungua mdomo, Somoe akaniwahi. "Mjomba shikamoo. Hawa si wale. Kwelea ndio wanaomaliza mtama. Kwelea ana mdomo mwekundu, tazama." Akamnyooshea kitabu.

"Mimi ndege simtazami mdomo. Natazama shamba langu." Akaushusha ungo kwenye uchanja kwa mkono wake, akaumwaga. Ndege wakatawanyika. "Ukipona ufuge hata simba. Mwaka huu hapana."

Wakuu, damu ilinipanda. Lakini ukweni ni ukweni, na huyu ndiye aliyesimamisha pick-up. Nilichokuwa namtazama ni mke wangu. Nilikuwa nawaza, kesho ataamka atazame nini? Kesho kutwa si kisimani tena?

Somoe alifikiri, akasema kwa utaratibu, "Mjomba una haki. Mtama unaiva, ungo sitauweka mpaka mvune. Ila niachie kigae cha maji. Wakija kunywa nitawaona. Na siku nikimwona mwenye mdomo mwekundu, nitakuita."

Mzee akaguna. Kigae akakiacha.

Basi Somoe akawa mlinzi wa kigae. Anakaa na kitabu pajani, anatazama midomo. Majirani wakipita wanamtania, "Askari, leo vipi?" Anawajibu salama. Mjomba akawa anapita asubuhi akielekea shamba, haulizi, lakini hatua zinapungua akifika usawa wa kitanda. Somoe naye anamsubirisha kidogo, halafu ndiyo anasema, "Bado, mjomba." Baada ya muda mzee akaanza kuuliza mwenyewe. "Wamefika?" Bado, mjomba.

Asubuhi moja nilikuwepo, nafunga kamba za turubai. Somoe akaniita kwa sauti ya chini sana. Kwenye kigae wamo wadogo wa kahawia wanakunywa, ukiwatazama harakaharaka ni shomoro hao hao. Akaniwekea kidole kwenye picha, kisha kwenye kigae. Midomo myekundu kama pilipili.

"Mwite Mjomba. Kimbia."

Nilikimbia na viatu nilivyovikuta mlangoni, si vyangu. Mjomba akaja, akachuchumaa, akawatazama. Akachukua kitabu, akakishika mbali kidogo kama wanavyoshika wazee, akatazama picha. Akarudisha. Akaondoka, na kabla jua halijapanda ukoo mzima ulikuwa shambani na madebe. Walipita na kwa majirani kuwaambia.

Kundi lenyewe lilikuja baada ya siku mbili tatu. Aliyewahi kuona kwelea anajua, ni wingu linaloshuka. Sisemi tuliokoa vyote, wale viumbe hawana huruma. Lakini walikuta watu wako macho, madungu yamejaa, na upande wetu mtama ulivunwa. Wengine vijiji vya mbele, ambako kwelea waliwakuta watoto walinzi wamelala, walibakiwa na mabua.

Kuna waliosema Somoe ndiye aliyewaita kwa maji yake. Mjomba akawajibu yeye mwenyewe, barazani, mbele ya watu: "Kwelea hawafuati kigae. Yule binti ndiye aliyewaona wa kwanza, nyie mlikuwa mnatazama nini?"

Tulipoambiwa hayo Somoe alijifunika khanga usoni. Alikuwa analia, lakini si kilio kile cha hospitali.

Mimba ikaenda. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia. Mtama ukiwa ghalani, uchungu ukamshika mchana kweupe, mimi nipo, lori lipo, dizeli ipo. Mama mkwe na Mjomba wakapanda mbele. Mjomba alikuwa hajawahi kukaa kiti cha mbele cha lori, njia nzima ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

Tukasubiri nje ya wodi. Mama mkwe anasali. Mimi natembea. Mjomba amekaa kwenye ngazi, kofia mikononi, anaizungusha tu.

Mtoto alilia. Sauti nyembamba, kisha ikapanda, ikawa kelele za kweli.

Mjomba akaniuliza, "Huyo ni wetu?"

Nikamwambia wodini yuko Somoe peke yake, Mjomba.

"Anapumua?"

"Si ndiye huyo anayelia."

Mzee yule mkali alifunika uso kwa kofia yake akalia mabega yanatikisika, watu wanapita wanamtazama, hajali. Akasema kitu kwa Kimwera humo humo ndani ya kofia, sikukisikia vizuri, mama mkwe akaja kunirudia baadaye: alisema alidhani ukoo wa mama yake unaishia mkononi mwake. Dada mmoja, binti mmoja wa dada, na mimba zinatoka. Miaka yote ile mimi nilidhani ananichukia. Alikuwa na hofu kutushinda sote, ila hakuwa na mtu wa kumwambia.

Nikakaa naye pale kwenye ngazi. Ni mara yangu ya kwanza kukaa ngazi moja na mkwe.

Sista akatoka na binti amefungwa khanga. Kimila wa kwanza kumpokea ni bibi yake, lakini mama mkwe akampisha kaka yake. Akampokea kama mtu anayepewa yai.

Sasa mdau uliyeuliza, sikiliza ushauri wangu na uachane na hawa wa kikubwa-kuliko-vyote. Kitabu cha kwanza kiwe kidogo, cha kwenu, chenye ndege unaokutana nao kila siku. Dume na jike wawepo, na mavazi yao ya mvua na ya kiangazi kama unaweza kuyapata. Dukani mtafute ndege unayemjua tayari. Kikubwa utakinunua mwaka mwingine, ukishakuwa na maswali makubwa. Na kama unamnunulia mtu mwingine, jamani, mwulize kwanza. Mimi nilizunguka Dar na Nachingwea kununua nilichodhani, na jibu lilikuwa limelala upenuni kwangu.

Jingine kwa wenye wagonjwa au wajawazito walioambiwa wapumzike: usiishie kumwambia "kaa". Mtu anahitaji cha kukalia, na sisemi kiti.

Mtaniuliza kuhusu binti. Anaitwa Rehema, na tangu siku ile hakuna mtu Mbekenyera aliyeniita Dereva tena, ni Baba Rehema. Ndege? Hana habari nao hata kidogo. Anapenda mpira, anabishana na mimi kila wikiendi mpaka majirani wanasikia, na ananishinda kelele. Nikimsikia anafoka huko nje huwa natulia kidogo namsikiliza tu.

Uwanja wenu wakuu. Nyie mlianza na kitabu cha namna gani, na kilifaa au kiliishia kwenye mfuniko? Na wadau wa Ruangwa, Nachingwea, Masasi na kwingineko, kale kandege kadogo ka tumbo la bluu kwenu kanaitwaje? Mama Rehema ameshamaliza mchicha, anangoja majibu, na mkichelewa ni mimi nitakayekosa chakula.